Njia Sabini Katika Mibuni

Enzi za Mwingereza nilimpenda binti wa mkulima wa kahawa kule Meru. Kufika kwao ilibidi nivuke mistari minne ya mibuni nikipanda kilima na minne nikielekea mashariki, kwa mpangilio wowote. Mimi, msomi wa sekondari, nikakokotoa njia sabini, nikaapa kuzipita zote, nikizichora daftarini, ndipo nipeleke posa. Kwenye ya ishirini na tatu nikamkuta baba yake ameshika panga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mzungu gani kakutuma kupima shamba langu?”

“Nahesabu njia tu, mzee.”

“Hata wao walianza kwa kuhesabu.”

Nikamwonyesha daftari, nikidhani litanitetea. Alipoona mibuni yake imechorwa mstari kwa mstari, posa yangu ikafa kabla sijaipeleka.