Mto Kwenye Kiti cha Dereva

Nikodemo wa Miyuji alikuwa mtu wa miguu mirefu. Alipokuwa dereva wa ofisi moja ya umma pale Dodoma mjini, kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kusukuma kiti cha landrova nyuma mpaka kigote, ndipo magoti yake yapate pa kukaa. Hilo la kiti mlishike, wenzangu, tutalihitaji mbele.

Jumapili moja landrova ile iligonga maksai wawili wa watu njia ya Ihumwa, wakafa hapohapo. Bosi wake, Raphael, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, akasema dereva ndiye aliyelichukua gari bila ruhusa, tena amelewa. Nikodemo! Mzee wa kanisa, ambaye hata togwa iliyolala hakuigusa!

Nikodemo alikuwa amekimbilia pale baada ya kuitwa, akalikuta gari halina mtu. Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, na juu yake pana mto wa kukalia, wa manjano, umefumwa kwa uzi, ua jekundu katikati. Alipowaleta wakubwa waone, kiti kilikwisha rudi nyuma na mto haupo.

"Mto wa manjano!" Raphael alicheka mbele ya kikao cha ofisi. "Sasa anaona na mito. Mimi tangu nizaliwe sijashika usukani wa gari la ofisi."

Nikodemo akafukuzwa kazi. Lakini kazi ni kazi, hutafutwa nyingine. Kilichomkaa rohoni ni kanisa. Mchungaji Fabian, aliyealikwa katika kikao kile kwa kuwa Nikodemo alikuwa mzee wake wa kanisa, alimtenga: asikaribie meza ya Bwana mpaka aungame ulevi. Aungame nini? Akakataa. Akawa anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, vumbi la barabarani likimwingia shingoni, na wenziwe wakipita mbele kushiriki. Chuki yake aliitunza kama mtu anavyotunza mbegu: mahali pakavu, panya wasifike.

Ikaja miaka ya ruksa. Mali za umma zikauzwa, na Raphael akainunua landrova ile ile. Alipostaafu akaandaa ibada ya shukrani nyumbani kwake. Mzungu mmoja wa miradi ya maji, alipokuwa akirudi kwao, alikuwa amemwachia boksi la landrova ya plastiki, vipande vitupu vya kuunganisha, kubwa, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nani wa kuiunganisha? Nikodemo siku hizo alitengeneza saa na redio, na mikono yake ilisifika. Raphael akaja bila haya.

"Niko, yaliyopita si yamepita? Niunganishie hii, niwaonyeshe wageni. Nataka iwe ile yetu hasa. Usiache kitu."

"Kila kitu kama kilivyokuwa, bosi?"

"Kila kitu!"

Zipora, mkewe Nikodemo, alisikia yote toka jikoni. Mgeni alipoondoka akatoka na mwiko mkononi.

"Baba Brightness, umekubali? Mimi ningelikanyagakanyaga hilo boksi!"

"Mama Brightness, nitafutie uzi wa manjano."

Zipora akashusha mwiko. Kisha akacheka, na wala hakikuwa kicheko kizuri. "Na mwekundu?"

"Na mwekundu."

Hapo ndipo Nikodemo alipoianza kazi. Kila kipande alikikwangua kwa wembe mpaka kingo zikalainika. Waya mwembamba wa shaba kutoka redio mbovu ukawa nyaya za plagi, zikapita chini ya boneti kila mmoja mahali pake. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ikawa vioo vya pembeni. Mpira wa baiskeli akaukata vipande vya kuzuia tope nyuma ya magurudumu. Akaenda Ihumwa kwa miguu, mahali penyewe walipofia maksai, akachota udongo, akauchekecha kwa kitambaa, akaupuliza juu ya gundi mbichi chini ya milango, vumbi likakaa kama limetoka safari. Madigadi ya kushoto, iliyobadilishwa baada ya ajali, akaipaka kijani kilichokolea kidogo kuliko mwili. Kiti cha dereva ndicho alichokaa nacho sana. Alikikata, akakitengenezea reli kwa vijiti vya mwavuli uliovunjika, kiende mbele na nyuma. Kisha akakivuta mbele, akakigandisha.

Raphael alipokuja kuichukua alifungua boneti, akapiga kelele kwa furaha. Milango hakuifungua.

Siku ya shukrani nyumba ilijaa. Landrova iliwekwa mezani, karibu na Mchungaji Fabian, na Raphael akasimama kuhutubia.

"Tazameni! Hata madigadi tuliyobadilisha!"

"Bosi," Nikodemo alisema toka mlangoni, "waambie wageni kama kuna nilichoongeza."

"Hakuna! Ndiyo yenyewe, kila kitu ni kweli tupu!"

"Basi Baba Mchungaji atufungulie mlango wa dereva."

Mchungaji akaufungua kwa ukucha, akainama, akakaa ameinama. "Mto wa manjano," alisema taratibu.

Nikodemo alitaka hilo tu. Lakini Debora, mke wa Raphael, alikuwa amesogea na sinia la pilau, akachungulia, akapiga kigelegele.

"Jamani, mto wangu! Nilimfumia mwenyewe, maana bila mto, huyu haoni barabara! Nikaumaliza Jumamosi, Jumapili akatoka nao kuendesha, akarudi hana, eti umeibwa."

Mchungaji akainua kichwa.

"Jumapili ipi, mama?" Mchungaji aliuliza.

Debora akamtazama mumewe, akaliweka sinia chini. "Ile ya maksai," alisema.

"Na dereva mwenyewe mbona hayumo?" mgeni mmoja aliropoka.

"Si huyo hapo mbele anahutubia!" Zipora alimjibu.

Raphael akanyoosha mkono aiondoe landrova. Debora akampiga kofi mkononi. "Iache. Itakaa hapahapa sebuleni, na mlango wazi."

"Nikodemo, ndugu yangu," Raphael alianza, sauti yake kubwa imekwisha, "tutoke nje tuzungumze..."

"Uliponisema ulinisema nje?"

Mchungaji Fabian alisimama. "Mzee Nikodemo, mimi nami nilikukosea. Jumapili njoo mbele."

"Nitakuja, Baba. Na benchi langu la nyuma lisikae bure."

Jumapili Nikodemo alipita mbele mwendo wa taratibu, miguu yake mirefu ikisikika sakafuni. Aliporudi akatupa jicho kule mlangoni. Raphael alikuwa amekaa peke yake, vumbi likimwingia shingoni, na miguu yake haikufika chini.

"Nimpelekee mto?" Zipora alinong'ona.

"Thubutu," alisema Nikodemo, akafungua kitabu cha nyimbo.