Ng'ombe Waliokuwa Ndani ya Punje ya Ulezi

Mahindi mabichi yakikanyagwa na kwato hutoa harufu tamu, kama muwa uliotafunwa juu ya nyasi mbichi, na mpaka leo nikiisikia moyo hunidunda. Ndiyo iliyotuamsha asubuhi ile kule Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Ng'ombe wa baba walikuwa wamevunja zizi na kuingia shambani kwa jirani yetu, Mama Tatu, mjane wa Kipimbwe mwenye sauti ya kusikika mpaka Sitalike. Siongezi chumvi, labda kidogo. Ng'ombe wenyewe walikuwa wengi kuliko nyota, na walikula mpaka mabua. Sisi tulikuwa Wasukuma wageni, tuliotoka kaskazini na mifugo yetu. Yeye ni mwenyeji. Akaziba kwa miiba njia ya kwenda kisimani, akamkataza binti yake Tatu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, kucheza nami. Baba naye, ambaye hasira yake iliiva polepole kama makande, akasema kikao cha wazee cha Jumamosi kikishindwa kuwapatanisha, tunahama. Kwa baba, kuhama kulikuwa kama kwa mtu mwingine kukohoa. Kwangu kulikuwa kumpoteza Tatu, na shule pia.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa sayansi, binti wa muuza duka mmoja wa mjini, aliingia darasani na punje moja ya ulezi kwenye ncha ya kidole. Akasema wataalamu wanaamini kwamba zamani za kale, kabla hata zamani hazijapata jina, ulimwengu wote tunaouona ulikuwa umebanana mahali padogo kuliko punje ile, una joto la kutisha, kisha ukaanza kutanuka, na bado unatanuka. Nyota zikaja baadaye, na ndani yake ndimo kilimopikwa chuma cha majembe yetu na chuma kilichomo kwenye damu yetu. Darasa zima tukatazama viganja vyetu kana kwamba tumeviazima. Nikanyoosha mkono mpaka bega likataka kung'oka.

"Mwalimu, na ng'ombe wa baba walikuwamo?"

"Vitu vilivyowafanya vilikuwamo."

"Na mahindi ya Mama Tatu?"

"Nayo vilevile."

"Sasa mbona humo hawakuyala?"

Mwalimu alicheka mpaka ulezi ukamdondoka, akautafuta sakafuni asiuone. "Hilo, Kabula, kawaulize wenye ng'ombe na wenye mahindi."

Nami ni mtoto wa kuambiwa akatii. Jumamosi wazee walikaa uwanjani kwa Mama Tatu, na maneno yakagota palepale yalipoanzia. Baba akaapa zizi lake lilikuwa imara. "Imara kama utando wa buibui," akajibu Mama Tatu. Hapo nikaropoka yote: punje, nyota, damu, na swali langu likafuata. Hata kuku nadhani waliacha kudonoa. Nilijua fimbo inakuja.

Kwetu, makabila yenye utani hutukanana hadharani bila mtu kununa, hata msibani. Lakini utani hurithiwa kwa mababu waliowahi kukutana, na kati ya nyumba hizi mbili hakuna aliyekuwa ameusikia. Mama Tatu akampima baba kwa macho, juu mpaka chini.

"Kumbe tulikaa chumba kimoja, Baba Kabula! Ndiyo maana nilikuwa sipumui. Nyie Wasukuma hata ndani ya punje mliingia na ng'ombe!"

Baba akamgeukia. "Tuliingia nao, mtani. Ila kelele zako ndizo zilizoipasua."

Wazee walicheka mpaka mmoja akaanguka na kigoda chake. Baada ya hapo mazungumzo yakashuka kama uji: msimu uliofuata maksai wa baba wangemlimia Mama Tatu kwa plau, na samadi juu. Miiba tuliiondoa mimi na Tatu jioni hiyohiyo. Ilituchoma, tukasimama tukizikagua damu zetu kwenye mwanga, tukitafuta chuma cha nyota.

Nimemaliza kidato cha nne ukubwani, kwa masomo ya usiku pale mjini. Habari ileile ya punje nimeisoma tena kwa majina marefu, na swali langu bado halijajibiwa kitabuni. Siku hizi mashamba yamewekewa mawe ya mipaka, nami sina ugomvi na mpaka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ya karibu nayo, kama jirani, huweza kukupiga mwenyewe. Kinachonishangaza ni watu kupelekana baraza la ardhi kabla hawajasalimiana.

Mwaka jana tulimzika baba. Mama Tatu, kibogoyo sasa, alikuja akijikongoja, akaketi ukingoni mwa kaburi na kuwazuia wachimbaji.

"Shimo kubwa hivi la nini? Huyu alitosha ndani ya punje ya ulezi, na ng'ombe wake wote!"

Watu wakacheka huku wanalia. Yeye akafuta macho kwa pindo la kitenge, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema kwa sauti ya chini.

"Na mimi nikifa, msinizike mbali naye. Nimeshazoea kubanwa."