Mshauri wa Mtemi Aliyenyamaza Kisimani

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliosoma mkiwa mmeketi juu ya tofali na daftari juu ya mapaja, mchezo wa kuigiza haukuwa kitu cha kubonyeza kwa kidole ukauona. Ulichukua muhula mzima. Siku yenyewe ikifika, wazazi walikuja na vigoda vyao kutoka nyumbani, akina mama wamejipaka mafuta mpaka miguuni, na wazee wakakaa mbele kabisa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwaambia wakae nyuma.

Shule yetu ilikuwa upande wa Issuna, majengo mawili na uwanja wa mchanga. Asubuhi ulikwenda na ukuni mmoja, ufagio, na dumu la maji kichwani. Maji tulichota korongoni, kwenye visima vilivyochimbwa kwa mikono ndani ya mchanga, na kiangazi kikikolea unasubiri maji yajikusanye, unachota kata moja, unasubiri tena. Wajukuu zangu nikiwasimulia hayo wanauliza kwa nini hatukufungua bomba. Nawaangalia tu. Hawa ni watoto wanaolalamika uji una mabonge, nasi tulikunywa uji wa uwele wenye mchanga na kulamba bakuli.

Nilipokuwa darasa la sita, Mwalimu Mkumbo alitutungia mchezo. Yeye alitoka Iramba, na babu yake alikuwa amemsimulia habari nyingi za watemi. Katika mchezo wake, mtemi wa zamani anajaza maghala huku watu wakilala njaa. Mvua inapochelewa na watu kuanza kunong'ona, anamsingizia mama mmoja, mganga wa mvua, kwamba ameifunga mvua, na anamfukuza katika nchi. Hapo mshauri wake mzee anapiga magoti na kumwambia mbele ya watu wote: "Mtemi, umekosea. Huyu mama hana kosa. Mrudishe."

Yusufu, mtoto wa mwenye mashine ya kukamua alizeti, alipewa utemi. Tatu, rafiki yangu niliyekaa naye tofali kwa tofali, alipewa uganga wa mvua. Mimi, kwa sababu ya sauti yangu iliyozoea kuita ng'ombe, nikawa mshauri. Walinivalisha ndevu za katani zilizoniwasha hadi kidevu kikatoka vipele. Nilipofanya mazoezi nyumbani, mama alicheka mpaka akaacha kusonga ugali, kisha akasema maneno niliyoyajua kwa moyo: "Wewe mtoto humu ndani unasema sana. Ukitoka nje unamwogopa nani?"

Mwalimu Mkumbo alikuwa na utaratibu wake. Alitaka kila mtu aishi nafasi yake mpaka siku ya mchezo, ili tuzoee. Mtemi aamkiwe kama mtemi hata uwanjani, tupige goti tukipishana naye. Mwanzoni tulikufa kwa kicheko. Baada ya wiki mbili Yusufu alikuwa habebi tena dumu lake. Baada ya wiki tatu alikuwa anakunywa uji kwanza, nasi tunasubiri. Hakuna aliyetulazimisha. Goti likishazoea kupigwa linajipiga lenyewe.

Siku moja korongoni alimwamuru Tatu amchotee. Tatu aliinua kichwa, kata ikiwa mkononi, akasema, "Utemi wako uko darasani. Hapa wewe ni Yusufu, na mikono unayo."

Yusufu akatugeukia. "Kuanzia leo amefukuzwa katika nchi. Atakayempisha kisimani naye amefukuzwa."

Tulicheka tukijua ni mchezo. Lakini kesho yake Tatu alipokaribia kisima, wasichana wakubwa walisogea wakaziba njia. Na ubaya ni kwamba mwaka ule mvua ilichelewa kweli. Uwele uliotangulia kupandwa ulichomoza ukanyauka. Maji ya korongoni yakashuka, ikabidi mtu aingie ndani ya shimo kuchota. Sijui ni nani alianza, ila nilisikia kwa masikio yangu: Tatu amefunga mvua. Watoto tuliojua kila neno la mchezo ule, tuliojua kwamba yule mama wa mchezoni alisingiziwa, tulianza kuamini uongo wa mtemi. Mpaka mama mmoja mtu mzima, aliyekuja kuchota na ndoo zake, akamtupia Tatu jicho na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Ndiye yule?" Nilitazama mchanga.

Tatu akawa anafika shuleni na dumu tupu. Siku ya kwanza alisamehewa, ya pili alifagia vyoo peke yake. Siku ya tatu Mwalimu Mkumbo alimsimamisha mbele ya mstari, akamwuliza sababu.

"Nazuiwa kisimani, Mwalimu."

Mwalimu akatugeukia. "Nani anamzuia?"

Yusufu alikuwa mstari wa mbele, anakuna kisigino kwa kidole cha mguu mwingine. Tatu hakumtazama Yusufu. Alinitazama mimi. Alijua niliona yote, alijua maneno ninayo, maana kila jioni tulikuwa tunasikilizana mistari yetu tukirudi nyumbani. Yalikuwa maneno machache tu. Mkono wangu ulianza kupanda, nikaukunja nikajikuna shingo. Nilifikiria kisima, nikafikiria itakuwaje kesho nikiwa mimi mwenye dumu tupu.

Mwalimu alingoja kidogo, kisha akasema mtoto mvivu asiongeze na uongo, akamchapa. Tatu hakulia. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Alikuwa ndiye wa kwanza darasani kwa hesabu, ndiye aliyenifundisha kugawanya. Baba yake alimpeleka kwa shangazi yake, na mtihani wa darasa la saba hakuufanya. Mvua ilinyesha wiki ileile aliyoacha shule. Wenzangu wakasema, mnaona sasa.

Siku ya mchezo nafasi yake alipewa msichana mwingine. Nilipiga magoti mbele ya Yusufu, na ndevu zangu za katani, nikasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Mtemi, umekosea. Huyu mama hana kosa. Mrudishe." Wazee walipiga makofi. Mama alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Mwalimu aliniambia nina kipaji. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Siku hizi mtoto akichukiwa na wenzake anaondolewa kwenye kundi la simu, kidole kimoja, amekwisha. Wazee wenzangu wanatikisa vichwa na kusema kizazi hiki hakina utu. Mimi hukaa kimya, maana sisi tuliifanya kazi hiyohiyo kwa miguu yetu, na tulitembea umbali mrefu kwenda kuifanya. Ninavikumbuka vigoda vile, vumbi na harufu ya mashudu ya alizeti, na moyo unavitamani. Lakini kila nikivitamani, korongo lile nalo linakuja.

Mwaka jana nilikuwa mnadani kununua vitunguu. Muuzaji, mama mnene mwenye kofia ya mjukuu kichwani, alinitazama akaanza kutabasamu. "Mshauri wa Mtemi! Hujambo wewe?"

Alikuwa Tatu. Tulishikana mikono kwa muda mrefu. Tuliulizana watoto, magoti, mavuno. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Siku ile ya mchezo nilikuja, unajua? Nilisimama nje ya dirisha na mzigo wangu wa kuni. Ulinitetea vizuri sana. Nililia."

Nilifungua mdomo. Watu walikuwa wengi, wanapima, wanaita bei, na mteja mwingine alikuwa amenisogelea kwa nyuma. Tatu akachukua vitunguu vitatu vikubwa, akaniongezea kwenye mfuko. Nikasema ahsante, nikampisha yule mteja, nikaenda zangu.