Zege Nililolifungisha Kwaresima

Rafiki yangu, hili sijamwambia hata padri. Juzi kwenye masomo ya jioni mwalimu aliandika ubaoni vipimo vya zege: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Nikaweka kalamu chini.

Nilisikia tena harufu ya saruji iliyoloa, pale nyumbani Katindiuka, mchana baba yangu fundi alipomwaga sakafu ya choo chetu. Yeye alikoroga huku anaimba, mimi nilimhesabia ndoo kwa vijiwe.

"Zege hili linakula saruji, mama yangu!" alilalamika.

Ilikuwa Kwaresima. Mama alikuwa anatupunguzia wali, anasema, "Tumbo lifunzwe." Nikaona na zege nalo lifunzwe.

"Saruji ndoo ngapi hizo?"

"Nne, baba." Zilikuwa mbili.

"Wewe ndiye fundi wangu!" Akacheka, akaongeza mchanga na kokoto za kutosha saruji ya ndoo nne.

Mvua zilipokolea, sakafu ilikatika mama akiwa amesimama juu yake. Mpaka leo anachechemea kwenda misa. Watu wakamwita baba fundi wa uji, kazi zikakatika. Amekufa anaamini aliuziwa saruji mbovu.

Sasa najua zege halina tumbo. Jioni hii naenda kwa mama, nimwambie. Nawe msimulie kila anayempa mtoto kazi ya kuhesabu: amwambie kwanza hesabu hiyo itambeba nani.