Nyumba ya Damari Kwenye Ukanda Mtupu

Damari binti Sedekia ana miaka sitini na mmoja na amezaliwa kwenye nyumba anayokaa. Mimi ni jirani yake hapa Mbeya. Anapiga pasi nguo za watu, anaitikia salamu, hacheki wala halii.

Eneo letu wakoloni waliliacha tupu makusudi. Juu palikuwa Uzunguni, chini wakakaa Waafrika, katikati ukanda wa majani ili mbu na maradhi yetu yasiwafikie wakubwa. Mzee Sedekia alikuwa mpishi huko juu, na kazi ikiisha ilimbidi avuke ukanda arudi kwao. Uhuru ulipopatikana akajenga papo hapo kwenye majani. Alipofariki mwaka 1981 alizikwa uani, maana Mnyakyusa huzikwa nyumbani, na Damari akalijengea kaburi kwa saruji.

Nyumba ambayo Mzee Sedekia alikuwa akipikia ina hati tangu enzi hizo, na leo anakaa humo Mzungu mwingine. Maduka ya Uhindini nayo yalipewa hati za miaka mingi, wajukuu wa wenye maduka wakazikopea benki, wakapandisha ghorofa. Ni watu wema, wanamletea Damari nguo, sina ugomvi nao. Ila hasira ninayo. Babu zetu walipewa vibali vya mwaka mmoja mmoja, na kwa karatasi ya namna hiyo hukopeshwi hata baiskeli.

Mwaka jana wapimaji walikuja kurasimisha makazi yetu, yaani kuyapima ili nasi tupewe hati. Damari alitaka hati tu, mjukuu wake Happy asije akafukuzwa siku moja. Mpimaji, kijana anayeitwa Aroni, alimwomba uthibitisho kwamba kiwanja ni chake. Damari akampeleka kwenye kaburi. Kwetu hakuna ushahidi unaozidi huo, kwa sababu hakuna anayemzika baba yake kwenye ardhi ya mtu. Aroni akapiga picha, akaandika kwenye tableti yake. Mimi nilikuwepo, nikaona mambo yamekwisha vizuri.

Baada ya miezi mitatu Aroni alirudi na ramani. Ilikuwa mpya, lakini imechorwa juu ya ile ya wakoloni, na ukanda bado ulikuwemo. Viwanja vyenye nyumba peke yake, bila kaburi, vilikuwa vimepita, changu kikiwemo, kwa kuwa wazazi wangu niliwazika makaburi ya jiji. Cha Damari kilikuwa kimeandikwa makaburi, na kwenye makaburi hairuhusiwi mtu kuishi. Kikarudishwa kuwa eneo la wazi. Alipewa miezi sita awe amehama.

Nilianza kufoka. Damari akaniambia nikae, akaendelea kukunja shati alilokuwa ameshika. Akamuuliza Aroni kama kaburi nalo litaondolewa.

"Hapana, mama, makaburi hatuyagusi," Aroni alisema. "Nyumba ndiyo itatoka."

"Kwa hiyo baba anabaki?"

"Anabaki."

Akaweka shati juu ya mengine, akalinyoosha kola kwa kidole. Sauti yake ilikuwa ile ile anayoulizia bei ya nyanya.

"Na mimi nikifa ndani ya hiyo miezi sita, mwanangu, mkinizika pale pembeni yake, nitabaki?"

Aroni alinitazama mimi, na mimi nikatazama chini. Mwishowe akasema anadhani atabaki.

Damari akamshukuru. Kisha akamwomba amwandikie tarehe ya mwisho ni ipi hasa.