Siku Nne za Mama Ernestine

Watu wa Kilibula wakimwona Mama Ernestine kwenye simu hucheka kwanza, kisha huangalia mpaka mwisho. Ni mjane mnene, mwenye sauti ya kukaripia, na hajawahi kumwomba mtu ruhusa ya kumfundisha. Hufundisha namna ya kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, zisiingie mchanga, kupika sombe ya majani ya mihogo isichachuke, kuziba ndoo iliyotoboka. Mimi Josée, jirani yake, ndiye ninayeshika simu, kwa sababu simu ni yangu na mikono yake siku zote ina maji. Kazi yangu ni ushonaji. Hii ya video ni ya bure.

Alianza kwa hasira. Alikuwa amechoka kuona wasichana wamefika umri wa kuolewa hawajui kazi ya jiko, akiwauliza wanasema vita viliwatenga na mama zao. "Basi nitakuwa mama yao mu telefone," aliniambia, na tangu siku hiyo sijapumzika.

Video yake ya mihogo michungu tuliipiga mwaka jana. Mihogo hiyo ina sumu yake, kila mtu wa bonde la Ruzizi anajua. Usipoiloweka vizuri inalewesha, na inaweza kuua. Kwa kuwa hatuwezi kukaa na simu siku nne, alitayarisha beseni mbili. Katika ile ya buluu alitia mihogo aliyoimenya asubuhi, akasema inaanza leo na italala siku nne, akarudia, akagombeza wenye haraka. Kisha akasogea kwenye beseni nyekundu, ambayo mihogo yake ilikuwa imekwisha kukaa siku nne, akaibonyeza kwa vidole, uzi wa katikati ukatoka wenyewe. "Uzi ukikataa kutoka, na weye kataa kutoa," alisema.

Halafu akatokea Lionel.

Lionel ana kibanda karibu na soko ambako hupakia nyimbo kwenye simu za watu, na ana ukurasa anaojaza vitu vya wengine. Aliichukua video yetu bila hodi. Dakika sita akazifanya nusu dakika. Akafuta sauti ya Mama Ernestine, akaacha jina lake tu limeandikwa juu, akaweka muziki wa kuchezesha mabega. Kilichobaki ni mikono inatia mihogo migumu majini, na mara hiyo hiyo inatoa mihogo laini. Beseni ilibadilika rangi, lakini nani huangalia beseni?

Hatukujua lolote mpaka mwezi wa sita, siku Mama Agathe alipoingia uani kwetu.

Alikuwa ametoka Nyakabere kwa pikipiki, na mkononi ana sufuria yenye unga, imefungwa kwa kitenge. Hakusalimu. Aliiweka miguuni pa Mama Ernestine.

"Ni weye iko nafundisha bantu kuuana?" aliuliza. "Basi kula."

Tulimtolea kiti, akakataa kukaa. Alieleza akiwa amesimama. Mwanawe alifiwa na mke, akaoa tena, msichana anaitwa Annie, kutoka Mulenge. Kwao milimani Annie aliijua mihogo mitamu tu, ile ya kuchemsha na kula. Juma lililopita alipika bukari, ugali wa unga wa mihogo. Mjukuu wa Agathe, Fabiola, mtoto wa yule marehemu, alikula akaanza kutapika, kichwa kikamzunguka, miguu ikakataa kusimama. Siku mbili kituo cha afya. Sasa amepona. Lakini Annie mwenyewe hakula.

Hapo ndipo pabaya. Kwetu anayepika huonja kwanza mbele ya watu, waone mkono wake ni safi. Annie alikuwa kwenye maombi ya kufunga, hakuonja. Mama wa kambo, mtoto wa marehemu, chakula ambacho mpishi hakukigusa: Agathe hakuhitaji kuongeza chumvi. Alitangaza kijiji kizima kwamba mkamwana wake ametia sumu. Kaka zake Annie walikuwa wameitwa waje kumchukua, na msichana anayerudishwa kwao kwa neno hilo, nani atamfungulia mlango tena? Annie alilia tu, akisema alijifunza kwa Mama Ernestine wa Kilibula.

Mama Ernestine alichota unga kidogo, akanusa.

"Huu hauna ile harufu ya kuchacha," alisema. "Ulilala mu mayi siku moya, haipite. Nani alimuambia siku moya?"

Agathe alikuwa amemnyang'anya Annie simu. Aliitoa, tukaifungua pamoja. Muziki ukalia. Mama Ernestine aliiona mikono yake mwenyewe ikifanya kazi bila yeye kusema. Nilitafuta yetu, nikaiwasha. Agathe aliisikiliza dakika zote sita. Aliposikia "siku ine" kwa mara ya tatu alikaa kwenye kile kiti alichokikataa.

Tulikwenda kwa Lionel wote watatu. Mama Ernestine alimwomba mambo mawili: aifute video, na aje Nyakabere aseme mwenyewe alichofanya. Nasema alimwomba, na kwa mwanamke yule kuomba ni kama kumeza mwiba. Lionel hakuinua hata kichwa.

"Mama, watu elfu makumi ine banaiangalia," alisema. "Sauti yako iko murefu. Bantu banataka picha."

Mtoto alikuwa amelala siku mbili kitandani miguu imekufa, na huyu anahesabu macho. Nilikuwa na mkasi wangu wa kushonea mfukoni, na namshukuru Mungu kwamba niliusahau.

Basi tulikwenda bila yeye. Annie tulimkuta amekaa nje, begi lake ubavuni, hata maji hajapewa. Alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyodhani. Alisema aliona mihogo inatoka laini papo hapo, akaona labda huko mjini kuna ufundi, yeye kwa usalama akailaza usiku mmoja. Bado ilikuwa migumu, akaikatakata, akaianika, akatwanga. Alijiongezea usiku mmoja kwa usalama! Niligeuka pembeni nisimwonyeshe machozi yangu.

Mama Agathe alitaka yaishe kimya kimya. Annie arudishe begi ndani, basi. Mama Ernestine alikataa.

"Kosa moja haliachi mke," alisema. "Na weye kosa lako ulilipigia kelele kijiji kizima. Hapana kulimaliza mu nyumba."

Alikaa Nyakabere siku nane. Aliwazuia wale kaka walipofika, akawakalisha wasubiri. Alimfundisha Annie kwenye beseni moja, ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, na kila siku Annie alichora mstari wa mkaa ubavuni mwa beseni. Siku ya nne uzi ukatoka. Wakaanika, wakatwanga. Siku ya nane nilirudi na simu, majirani wakajaa uani, na Annie akapika bukari na ndagala.

Aliweka sahani chini. Alichukua tonge la kwanza aonje, kama desturi. Mama Agathe akamshika mkono.

"Minye nilisema huyu mukamwana anatia sumu," aliwaambia watu. Hakuniangalia, aliangalia simu. "Nilisema bongo, haikuwa kweli. Iko mihogo yenye haikulala siku ine. Hakujua, na minye mama mukwe sikumufundisha."

Akalitoa lile tonge vidoleni mwa Annie, akalila yeye, kabla mpishi hajaonja, jambo ambalo sijaliona maishani mwangu. Alitafuna polepole, kila mtu akimtazama. Kisha akamwita Fabiola, akamkalisha kati yake na Annie, wakala.

Ile ya Lionel bado iko, watu wanaicheza mpaka leo, na kila nikisikia muziki ule damu inanipanda. Juzi alinipigia, anasema hii ya Nyakabere inatafutwa sana, nimpe aifupishe. Nilimwambia aje kwanza, ule unga wa siku moja Mama Ernestine ameuhifadhi kwa ajili yake. Akakata simu. Yetu niliirusha ilivyo, beseni na mistari yake yote minne ya mkaa, na dakika ile nzima Mama Agathe anatafuna na hakuna anayesema.