Siku Nilipobomoa Paa Lililosalimika

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa nne, mwanangu, miaka kadhaa kabla ya Uhuru, watu wa kilima chetu kule juu ya Uyole walipotoka majumbani mwao na kutazamana kama waliorudi kutoka safari ndefu. Kila aliyekutana na mwenzake alimshika mkono na hakuuachia upesi. "Upo?" "Nipo." "Na watoto?" "Wapo wote." Baada ya hapo ndipo mtu alipoanza kupumua.

Siku nzima iliyotangulia tulikuwa tumepigwa na upepo. Sisi watu wa milimani upepo tunaujua, tumezaliwa nao, lakini ule haukuwa wa kwetu. Ilinyesha kwanza mvua ya siku mbili, nyepesi, isiyo na radi, na siku ya tatu asubuhi upepo ukaja kutoka upande wa mashariki ukavuma mpaka jua likazama. Mikaratusi ya kando ya barabara iling'oka na mizizi yake. Mahindi yaliyokuwa yamebakiza wiki chache kuvunwa yalilala chini shamba zima. Siku nyingi baadaye dereva mmoja wa lori aliyetokea Iringa alitueleza kwamba ile ilikuwa dhoruba ya baharini, iliyobomoa nyumba nyingi huko pwani, na kwamba sisi tuliguswa na mkia wake tu. Wazee walitikisa vichwa. Kama mkia ndio ule, walisema, kichwa chake tusikione.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako. Kwetu ni Kalenga, Iringa, na nilikuwa na miezi mitano tu tangu Simoni, fundi seremala, anioe na kunileta kwao. Siku za upepo yeye alikuwa Iyunga kwenye kazi ya kutengeneza milango, na nyumbani nilibaki na mama yake, mwanamke mfupi mwenye goti bovu na maneno machache. Watu wa kilimani hawakunitendea ubaya wowote, lazima niseme hivyo. Lakini nilikuwa mgeni. Nikiamkia "kamwene" ya Kihehe kwa kusahau, wanawake walicheka, na lugha yao nilikuwa nikiisikia kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya nyumba ya pili. Waliniita "wa Iringa." Jina langu, Monika, lilijulikana kwa Simoni, mama mkwe na mchungaji tu.

Asubuhi ile tulikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, maana kila mtu alitaka kuona kama kanisa lipo. Lilikuwepo, isipokuwa mabati mawili, na moja lilikuwa limepatikana bondeni kwenye shamba la ngano, limekunjika kama jani la tumbaku. Tulipokwisha kujua kwamba hakuna aliyekufa, hata mtoto, hata mzee, furaha ilitushika kwa namna ya ajabu. Watu walianza kulinganisha hasara zao wakicheka. Mmoja alisema jiko lake lilinyanyuka zima zima likatua kwa jirani, na jirani akasema ndiyo, nimelikuta, na sasa ni langu. Mwingine mbuzi wake alikutwa juu ya kichuguu, amesimama, hataki kushuka. Mama Sekela, mwanamke mkubwa wa sauti, alisema kuku wake wote kumi na mmoja wamepeperushwa kama makapi. Kila aliyesema, aliyefuata aliongeza kidogo. Baada ya dhiki faraja, na faraja ina ulevi wake.

Mimi nilisimama pembeni sina la kusema. Nyumba ya baba mkwe wangu marehemu ilijengwa kwenye kikorongo, mgongo wa kilima umeikinga, na upepo ulipita juu yetu. Hatukupoteza kitu ila majani ya migomba. Nilijiona kama mtu aliyefika arusini bila zawadi.

Ndipo Mama Sekela akanigeukia. "Na wewe wa Iringa, kwako vipi?"

Kabla sijajibu, mwanamke mwingine akasema, "Kwake pazima, nimepita. Upepo umemheshimu mgeni."

Walicheka. Leo nikikumbuka naona ulikuwa utani mtupu. Lakini siku ile nilisikia jambo jingine ndani yake. Mwanangu, nyumba moja ikiachwa salama katikati ya zilizobomoka, watu huanza kujiuliza, na maswali ya namna hiyo humwangukia mgeni kwanza. Niliogopa. Na pia, nisikufiche, nilitamani na mimi niwe na kisa.

"Ulipita kwa mbele," nikasema. "Paa la nyuma limeondoka. Na kihenge cha mahindi kimeanguka."

Wakanisogelea. Mama Sekela akaniwekea mkono begani. Tangu nifike kilimani hakuna aliyewahi kunishika bega. Nilijisikia vizuri, na huo ndio ubaya wenyewe wa uongo: tone la kwanza ni tamu.

Mzee Andrea, mzee wa kanisa, alikuwa akizunguka akiuliza kila mtu ili kazi ya kuezeka ijulikane ianzie wapi. Alimfikia Tabita. Huyu alikuwa mama wa watoto wawili, mumewe alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Alisimama na mtoto mchanga mgongoni, kaniki yake imelowa mpaka magotini.

"Kwako, mama?"

"Kwangu ni kidogo tu, mzee. Tunashukuru Mungu."

Mzee akapita. Sisi sote tukapita.

Sasa nikueleze jambo la nyasi, maana ninyi mmekua chini ya mabati. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi zikiwa kavu. Mwezi wa nne nyasi zote ni mbichi, na ukiezeka mbichi zinaoza kabla hujasahau kazi uliyofanya. Kwa hiyo kilima kizima hakikuwa na nyasi kavu ila matita kumi na mawili aliyoyaweka Mzee Andrea bandani kwa ajili ya jiko lake mwenyewe. Akasema wazi mbele ya watu kwamba anayatoa. Mapaa mengine yaliyochunika kidogo yangeweza kufunikwa kwa majani ya migomba. "Lakini huyu binti wa watu," akasema, "ametoka mbali, mumewe hayupo, mama mkwe ni mgonjwa wa goti. Tusije tukasikia Iringa kwamba tulimwacha anyeshewe. Mchana tutakuja."

Nilirudi nyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa kutoka kanisani mpaka kwenye kikorongo. Mama mkwe alikuwa ameketi jikoni akichambua maharage. Nilimpita kimya, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikalitazama paa. Lilikuwa zuri, limeshonana, halina unywele uliosimama. Nikachukua ngazi ya Simoni na mpini wa jembe, nikapanda, nikaanza kulibomoa.

Ndiyo, mwanangu. Cheka tu. Nilichomoa nyasi kwa mikono miwili nikizitupa huku na huko ili zionekane zimetupwa na upepo. Nilipofungua tundu la kupita mbuzi, nikasikia sauti chini yangu.

"Monika. Upepo umerudi?"

Mama mkwe alikuwa amesimama na fimbo yake, ungo wa maharage kiunoni. Hakupaza sauti. Nilishuka nikapiga magoti, nikamweleza yote, mpaka la kushikwa bega. Nilitarajia aniambie nifunge mizigo yangu nirudi Kalenga. Aliyageuza maharage kwa vidole.

"Kuogopa si dhambi," akasema mwishowe. "Hata mimi niliolewa hapa kutoka mbali, nilijua woga huo. Lakini nyasi ulizoziita zina mwenye kuzihitaji, naye sasa hivi hana. Nani asubuhi alisema maneno machache kuliko wote?"

Nikafikiri. "Tabita."

"Pokea ungo huu. Twende."

Ilikuwa mwendo wa robo saa, kwa goti lake ukawa karibu saa nzima, na hakukubali nimshike. Tulipopanda ukingo wa kilima niliiona nyumba ya Tabita, au pale ilipokuwa. Kuta zilisimama, na juu yake mbingu. Hakukubaki ufito hata mmoja. Tabita alikuwa ndani ya banda la mbuzi, ameinama, mtoto mkubwa amelala juu ya gunia, mchanga anakohoa kifuani mwake. Moto haukuwaka kwa sababu kuni zote zilikuwa maji. Na upande wa mlima Mbeya mawingu yalikuwa yanajikusanya tena.

Mama mkwe akaingia bandani kwa shida akaketi kwenye majani. "Tabita, mbona hukusema?"

Tabita alitazama chini. "Jana paa lilipoondoka niliwalalia watoto, nikajua tumekwisha. Upepo ulipotulia nikawapapasa, mmoja, wa pili, wote wana joto. Leo watu wakitaja kuku na majiko, sikujua niseme nini. Haya mengine yote niliyaona madogo."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mshindo ule ulinipata kifuani. Sikungoja mama mkwe aniambie la kufanya. Nilikimbia.

Niliwakuta njiani, wanaume kwa wanawake, matita vichwani, Mzee Andrea mbele na Mama Sekela nyuma yake. Nikasimama katikati ya njia. Nikasema kwamba paa langu halikuondoka, kwamba nilisema uongo, kwamba tundu lililopo nimelitoboa mwenyewe asubuhi hiyo kwa mpini wa jembe, na kwamba Tabita amelala na mbuzi. Nilisema yote kwa pumzi moja, Kiswahili kikichanganyika na Kihehe.

Mzee Andrea alishusha tita lake, akajifuta jasho, akanitazama kwa kitambo. Kisha akasema, "Basi kazi imepungua. Tulikuwa na mapaa mawili bila kujua, sasa ni moja na robo." Akalibeba tena tita. "Geukeni, twende kwa Tabita."

Wakaanza kucheka wakiwa wanatembea. Hawakunicheka mimi tu, maana Mama Sekela akasema kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida yake kwamba kuku wake nao saba wamesharudi, na kwamba hata hivyo hawakuwa kumi na mmoja. Mwingine akakiri kwamba jiko lake halikuruka zima zima, liliegemea tu. Mpaka tunafika kwa Tabita, hasara ya kilima chetu ilikuwa imepungua nusu.

Wanaume walikata miti, sisi wanawake tukachuna magome ya kamba. Mama Sekela alinipa ncha ya kamba akasema, "Vuta hapa, Monika." Sijui jina langu alilitoa wapi. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka. Tita la mwisho lilipofungwa, matone ya kwanza yalianguka, na tulisimama wote chini ya paa lile jipya, tumebanana, tukisikiliza mvua ikipiga nje. Mtoto alikuwa ameacha kukohoa, amelala. Sijapata kusikia mvua nzuri kama ile.

Kwetu ilivuja, bila shaka. Tundu langu lilikuwa juu ya kitanda changu kabisa. Mama mkwe aliweka chungu chini yake, akasema mwenye kutoboa ndiye mwenye kumwaga maji, na nilimwaga mpaka Simoni aliporudi baada ya siku nne. Alikuwa ameshasimuliwa kila kitu huko Uyole barabarani kabla hajaniona. Aliegemeza begi lake la vifaa ukutani, akatazama juu, akacheka mpaka akakaa chini.

Mwanangu, ya kwangu ni haya. Balaa ikipita na roho zikabaki, shukuru kwanza, kisha sema ukweli wa hasara yako, usiuongeze wala usiupunguze. Ukiuongeza unachukua nyasi za mwenzako. Ukiupunguza, kama Tabita, kwa moyo mzuri kabisa, unawanyima majirani nafasi ya kukusaidia, na watoto wako wanakohoa. Na ukiwa wewe ndiye umesalimika, usione aibu, wala usiogope maneno ya watu. Upepo ukikuacha umekuachia mikono mizima, basi itumie. Usitulie kusikiliza mwenye kisa kirefu. Debe tupu haliachi kuvuma. Nenda ukaone kwa macho yako, uanzie kwa yule aliyesema "ni kidogo tu."

Na ukikosea, geuka mapema ukiwa bado njiani.

Mungu akulinde na pepo zote, zile za mbinguni na zile za vinywani. Akupe nyumba yenye kuta imara na mlango usio mgumu kufunguka. Akupe mama mkwe mwenye maneno machache. Na ukienda mjini kwa watu wasiokujua, akupe mtu mmoja mwema wa kukuita kwa jina lako.